Aliyekuwa Akiandika ni Nani

Salim mjukuu wangu, mume wangu wa utani,

Huku Kisauni tu wazima, alhamdulillahi. Mamako amefungua duka la vitambaa, namtangaza mtaa mzima.

Waniuliza mbona sijibu jumbe zako. Nilipokuwa kijana niliwaandikia wanawake barua za kuwapelekea waume zao walioko Arabuni, na wallahi hakuna aliyenishinda kwa maneno matamu. Mume wa jirani yetu Zuhura aliporudi, alimtazama wiki nzima, kisha akamuuliza, "Yule aliyekuwa akiniandikia yuwapi?" Akamwacha. Ufundi wangu ulimvunjia mwenzangu nyumba.

Sasa mamako aniambia akili bandia ya simu yako imekujua mno hata ndiyo inayoniandikia badala yako. Jumbe ni tamu, baba, nawasomea majirani wakalia. Lakini sijui nimjibu nani.

Bibiyo, Mwanaisha