Kitanda cha Juu, Jirani na Choo

Saratov, 20 Februari 2007

Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Natumai barua hii inakukuta mzima na kile kifua hakikusumbui tena. Sisi huku Urusi hatujambo, ila baridi tu. Odilbek anakusalimu sana. Ametoka kazini sasa hivi, saruji mpaka kwenye nyusi, anasema, "Mwambie mama mkwe mkate wa huku ni kama kutafuna sponji."

Tumbo limekuwa kubwa, Mama. Kwenye cherehani nakaa upande upande kama mtu anayechungulia dirishani. Daktari anasema ni mwanzoni mwa Mei. Nataka uwe hapa. Sijui kumwogesha mtoto, sijui kumfunga nepi, na majirani zangu ni wema lakini wao mtoto wanamlea kwa kusoma kitabu.

Jana nilikwenda stesheni kuulizia treni. Kuna behewa la vyumba: watu wanne, mlango unafungwa, shuka safi. Na kuna behewa la wazi, vitanda zaidi ya hamsini na mlango hakuna. Humo namo bei hazilingani. Cha chini kimepanda, cha juu nafuu, na rahisi kuliko vyote ni cha juu cha pembeni, jirani na choo. Kati ya chumba na hicho cha choo, tofauti yake ni kubwa kwetu, sikufichi. Lakini wewe ndiye utakayelala humo siku mbili. Nikukatie kipi? Sema tu.

Bintiyo,
Intizor


Urganch, 9 Machi 2007

Mwanangu Intizor,

Wa alaykum salaam. Mimi mzima, kifua kimetulia tangu jua lianze kutoka. Mkwe wangu mpe salamu, mwambie mkate unakuja, nitabeba gunia.

Nitakuja, kwa nini nisije? Jirani yetu Sharofat ameniuliza kama sitaogopa kusafiri peke yangu kwenye nchi za watu. Nikamwambia, "Niogope nini? Nimeishi na mama mkwe miaka kumi na tisa." Akacheka hadi unga ukamwagika.

Habari ya kitanda isikuumize kichwa. Chukua cha rahisi. Kulala ni kulala, na treni inamfikisha kila mtu saa ile ile. Kila kiangazi nalala juu ya paa, sembuse kitanda! Hizo fedha mnunulieni mtoto kigari. Ila nikuulize: hicho cha juu kina ngazi? Magoti yangu unayajua. Kama hakina, si neno.

Wako akupendaye,
Mama


Saratov, 28 Machi 2007

Mama mpenzi,

Assalamu alaykum. Shikamoo nyingi. Sisi wazima, mtoto anapiga mateke kama ana madai.

Tiketi nimekata, hii hapa ndani ya bahasha, nimempa mhudumu wa behewa akuletee mkononi. Ni cha juu, pembeni. Ngazi hasa haipo, kuna kichuma kidogo cha kukanyagia, lakini hilo behewa linajaa vijana wa kwetu, watakushika mkono. Odilbek alitaka tuongeze kidogo tuchukue cha chini. Nikamwambia Mama mwenyewe ndiye aliyechagua.

Kigari tumekiona dukani. Cha bluu!

Bintiyo,
Intizor


Saratov, 19 Agosti 2007

Mama yangu,

Assalamu alaykum. U hali gani? Tangu tukuage stesheni mwezi wa Juni sijapata hata mstari mmoja. Nilidhani ni kazi, nikadhani barua imepotea. Mtoto wetu Oydin hajambo. Sasa anacheka kwa sauti, na akicheka anafumba macho kama wewe.

Jumapili Odilbek alikutana sokoni na Matyoqub, yule mtoto wa fundi viatu wa mtaa wetu. Amekuja kutafuta kazi. Tukamkaribisha chai. Nikamuuliza kwa mzaha, "Mkate wa mama yangu bado mnaugombania?" Akatazama kikombe chake.

"Tanuri la mama yako halijawashwa tangu arudi, dada. Watu wananunua kwa Sharofat."

"Kwa nini?"

"Si ule mkono? Mimi nilidhani unajua."

Mama, mkono gani? Ule uliokuja nao umefungwa kitambaa? Uliniambia umeteguka kwa kubeba gunia. Uliniogeshea mtoto arobaini nzima kwa mkono huo, na mimi nimelala naletewa supu. Niambie ukweli. Nakuomba, usinitunze.

Mwanao,
Intizor


Urganch, 6 Septemba 2007

Mwanangu,

Wa alaykum salaam. Mimi mzima, na nakuombea wewe na nyumba yako. Usicheke mwandiko. Huu ni mkono wa kushoto, na tangu nirudi naufundisha kuandika, ndiyo maana ulipata kimya.

Umetaka ukweli, basi. Ilikuwa siku ya kwanza, adhuhuri, tunakaribia mpaka wa Kazakhstan. Jangwa pande zote, behewa limewaka kama tanuri. Chini yangu alikuwa kijana wa mji wa Xojayli, fundi wa kupaka rangi nyumba, anarudi kazini kwake Urusi. Tangu asubuhi alikuwa ananisihi.

"Bibi, shuka ulale hapa, mimi nitapanda."

"Lala mwanangu, mwenye kazi ngumu ni wewe."

"Bibi, mimi niko chini yako. Ukianguka tunazikwa wawili!"

Behewa zima likacheka, nami nikacheka. Mara maofisa wa mpaka wakaingia: "Pasi mkononi! Walio juu washuke!" Nikaharakisha, nisiwe kile kibibi kinachosubiriwa na watu wote. Nikapapasa kile kichuma kwa mguu, sikukipata. Nikaanguka, nikatanguliza mkono wa kulia.

Kulyash, mama mmoja Mkazakhi anayeuza sufu, akaufunga kwa mtandio wake mwenyewe. Akaniambia, "Shuka kituo kijacho, dada, uende hospitali."

"Binti yangu anajifungua."

"Yeye anajifungua, wewe umevunjika."

"Ndiyo, lakini mimi nimewahi kuumia. Yeye hajawahi kuzaa."

Akanitazama, akanimenyea yai. Yule kijana alilia, Intizor. Mwanamume mzima, analia kama yeye ndiye aliyenisukuma.

Kwa hiyo nilijua umevunjika. Nilipofika ulikuwa na tumbo mpaka kidevuni. Nikasema umeteguka. Ukaniuliza, "Twende kwa daktari?" nikasema hapana. Mambo yakaishia hapo, na siku ya tatu Oydin akaja.

Daktari wa hapa anasema mfupa umeunga kombo, na kwa umri wangu hashauri kuuvunja upya. Kijiko nashika. Lakini kuingiza mkono ndani ya tanuri na kubandika mkate ukutani, hilo limekwisha. Sikulaumu, mwanangu. Mbusu Oydin kwenye shingo, pale pananukia.

Wako,
Mama


Saratov, 25 Septemba 2007

Mama,

Assalamu alaykum, na Ramadhani njema. Sisi wazima. Sijui niandike nini baada ya hapo.

Ungenilaumu ningepata nafuu. Hukunilaumu, basi nimebaki nao mzigo wote mikononi. Ngoja niseme kama ilivyokuwa. Barua yako ya Machi niliisoma nimesimama mlangoni, koti bado mwilini. Nilipofika kwenye "chukua cha rahisi" nilifurahi, Mama. Sikukuonea huruma, nilifurahi. Na ulipouliza kuhusu ngazi, nilipita juu ya mstari ule kama mtu anayeruka dimbwi la maji. Nikajua kabisa unaomba nini, nikakujibu habari za kigari.

Na siku ulipofika na mkono umefungwa, nilikuuliza mara moja tu, tena kwa sauti ya mtu anayeomba ajibiwe hapana. Mgeni kutibiwa hapa ni ghali. Nilikuona unauma mdomo ukimbeba mtoto. Niliona, nikageukia ukutani.

Kile kigari siwezi tena kukisukuma. Odilbek ndiye anayemtembeza mtoto. Juzi nilimwambia nakuandikia, ila sijui nianzie wapi. Akasema, "Usipambe. Mwandikie kama ulivyoniambia mimi."

Mama, nimeanza kushona na usiku. Nimekwenda stesheni, nimeulizia chumba, kitanda cha chini, shuka, chai unaletewa. Njoo. Tutatafuta daktari wa mifupa hapa, na kama hutaki daktari, njoo upumzike tu. Nafasi zipo mwezi ujao. Kubali, nakuomba, nipate kulala.

Bintiyo,
Intizor


Urganch, 15 Oktoba 2007

Mwanangu Intizor,

Wa alaykum salaam, na Idi njema. Mimi mzima, nimefunga siku zote, namshukuru Mungu. Mkwe wangu mpe mkono wa Idi.

Siji. Usininunulie mimi kitanda ili wewe upate usingizi. Na hiyo kazi ya usiku iache, una mtoto anyonyaye.

Barua yako nimekaa nayo siku kadhaa. Umesema ya kwako bila kupamba, nami sitapamba. Niliposema chukua cha rahisi, nilitaka ubishe. Nilikuwa nangoja useme, "Mama acha mchezo, nakukatia cha chini." Kila barua iliyofika mtaani nilidhani ndiyo hiyo. Ikaja ya kigari cha bluu. Niliumia, Intizor. Nilipanda treni ile nimekasirika, na kijana wa watu aliponisihi nishuke, nilichomjibu mdomoni ni kingine na kilichokuwa moyoni ni kingine. Moyoni nilisema: walionitaka juu, basi nitakaa juu. Nilikupenda na nilikukasirikia, vyote kwa pamoja, siku mbili nzima. Ulipotokea pale stesheni na tumbo lako, unakuja mbio kama bata, hasira ikanitoka. Lakini mkono ulikuwa umeshavunjika.

Kwa hiyo sehemu yako sikuondolei, maana ni yako. Na yangu usinichukulie.

Siku hizi asubuhi naenda kwa Sharofat. Nilikuwa siwezi kupita mlangoni kwake bila roho kuniuma, mikate yake minene katikati kama mito ya kulalia. Siku moja nikaingia, nikamwambia hivyo hivyo. Akaweka mikono kiunoni: "Basi Bibi, wewe una mdomo, mimi nina mikono, tuone." Tunagombana kuanzia alfajiri. Jana alitoa mkate mmoja mwembamba, sawasawa, umeiva mpaka ukingoni. Akaninyooshea nikate wa kwanza, nami nikashindwa kula. Akajifanya anachochea moto.

Sasa nitakuambia ninachotaka, nione kama mdomo wangu unaweza. Nataka uje wewe. Wewe na Oydin, na Odilbek kama watampa ruhusa. Mje mwaka huu, kabla theluji haijafunga njia. Mje kwa chumba, chenye mlango, mtoto asipigwe na upepo, na wewe ulale chini. Ni ghali, najua, na nyumba yenu ni ya kupanga. Usiniandikie kuniuliza kama naweza kusubiri mpaka kiangazi bei ziteremke.

Naweza. Sitaki.

Mama yako,
Bikajon