Bangili Zilizoelea

Khejurdanga, mwezi wa Baishakh

Dada Nirupama,

Nakugusa miguu kwa heshima. Ng'ombe amezaa jike, kikohozi cha baba kimetulia, na maboga yametambaa hadi paani.

Jana ilikuwa sikukuu ya Mama, mungu wetu wa kike. Kuhani alisimulia tena jinsi msichana alivyomwita babu yetu, muuza bangili, pale bwawani: "Nivishe! Mimi binti wa kuhani." Kumbe kuhani wa enzi hizo hakuwa na binti. Walipomtafuta, mikono miwili iliinuka majini imevaa bangili za babu. Ndiyo maana kila mwaka ukoo wetu humtumbukizia Mama jozi ya bangili za gamba la kombe, nayo huzama kama jiwe.

Mwaka huu nilitumbukiza mimi. Zikaelea.

Ziliyumbayumba mbele ya kijiji kizima, bata akizifuata. Bibi Khantamoni akaangua kicheko: "We Haradhan! Siku hizi Mama unamvisha plastiki?" Baba aliingia majini na nguo zake, akaziokota, akaniwekea mkononi. Bora angenizaba kofi.

Naapa, sikukusudia kumdanganya Mama. Nilichanganya masanduku tu: lake, na lile ninalouzia maharusi.

Sasa umeelewa, dada. Kwenye kifurushi hiki kuna jozi ya kombe, nimeikata kwa mkono wangu. Ivae. Na zile nilizokuvisha mwenyewe siku ya harusi yako, nikilia kwa furaha, tafadhali usizivue bwawani mbele ya wakwe.

Mdogo wako,
Haradhan