Msimbo Uko kwa Farouk

Jumatatu, 25 Agosti 2025

Rafiki yangu Evelina kachaguliwa chuo! Meseji imemkuta anasukwa, kaja mbio hadi kwetu Pasiansi, nywele nusu zimesukwa, nusu zimetimka. Uuguzi. Nimemkumbatia. Nimefurahi — haya, nimefurahi kidogo. Simu yangu kimya. Nimeizima na kuiwasha mara nne kama mwendawazimu.

Halafu nikakumbuka. Mwezi wa saba simu yangu ilikuwa kwa fundi. Kaka Farouk, mtoto wa mama mkubwa, ndiye aliyenijazia maombi ya chuo pale stationery kwake, akaweka namba yake. Anaweka namba yake kwa wateja wote! Anasema watu wanapoteza laini hovyo, ila yeye hajabadilisha miaka kumi na tatu. Nikaona poa, ni ndugu.

Kwa hiyo kama kuna meseji yangu, iko kwake.

Jumanne, 26 Agosti

Stationery imefungwa. Farouk yuko Nansio, harusini. Asubuhi hapatikani. Mchana kapokea, ngoma zinalia nyuma yake. Kasema hajaona kitu, nitulie, mfumo una foleni. Mfumo una foleni! Nikamwomba neno la siri niingie mwenyewe. Eti liko kwenye daftari, dukani.

Alhamisi, 28 Agosti

Hapokei.

Jumamosi, 30 Agosti

Vyuo vimetoa majina mtandaoni. Evelina kanitafutia kwenye simu yake, mimi nimefumba macho. Nasma Jumbe — Famasi, Dar. Halafu tena, Nasma Jumbe — Ualimu, hapa hapa Mwanza. Viwili! Nimelia njiani mbele ya mchoma mahindi, wala sikuona aibu. Famasi naitaka tangu baba yuko hai, nilipokuwa namsomea yale maandishi madogo kwenye boksi za dawa.

Ukichaguliwa vyuo viwili unatumiwa msimbo, unathibitisha kimoja. Mwisho ni Jumatano, saa kumi na mbili jioni.

Nimemwambia mama. Kasema alhamdulillah, kaendelea na cherehani yake. Nikadhani amechoka.

Jumatatu, 1 Septemba

Farouk karudi. Shikamoo yangu kaiitikia huku anaangalia kibodi. Kafungua akaunti. Maandishi ya kijani: IMETHIBITISHWA. Ualimu. Tarehe 27 Agosti.

Nikauliza nani kathibitisha. Kasema yeye. Meseji iliingia tarehe 25, akampigia mama. Mama akampigia baba mdogo Abdillah. Wakaongea wakubwa, wakaamua, wakamrudishia jibu.

"Mimi kazi yangu kubonyeza tu, Nasma."

Kubonyeza tu! Na siku ile na ngoma zake, alishaiona. Alinidanganya huku anakula pilau la watu. Sikumtukana. Bora ningemtukana, labda ningelala usingizi.

Jumanne, 2 Septemba

Leo mama. Kasema Dar hatuna mtu. Kasema baba mdogo anaona ualimu una heshima, tena nitakuwa narudi nyumbani kila siku. Baba mdogo! Tangu msiba wa baba kaja kwetu mara tatu, na zote kwenye Idi. Nikamuuliza mama, kwa nini hamkuniuliza mimi?

"Ungekataa," kasema. Wala hakuacha kukata kitambaa.

Nampenda mama yangu na leo sitaki kumwona. Yote mawili ni kweli.

Evelina kachunguza. Kuna sehemu ya kutengua: unafuta ulichothibitisha, unaomba msimbo mpya, unathibitisha upya. Mara moja tu. Ila msimbo unakwenda kwenye namba ileile. Kubadilisha namba mpaka uandike barua, na barua inachukua wiki mbili. Mimi nina siku moja.

Jumatano, 3 Septemba

Saa kumi na nusu. Niko kwa Farouk, kwenye benchi la wateja. Naandika hapa hapa, maana kukaa bure siwezi.

Neno la siri kanipa mwenyewe. Nadhani kwa aibu. Nikaingia kwa simu yangu, nikatengua Ualimu. Sikumwambia kwanza — angenikatalia. Kwa hiyo saa hii sina Ualimu, sina Famasi. Nikamweleza: msimbo ukiingia unisomee, basi, sihitaji kingine kwako maishani.

Kapauka. Kasema nimefanya nini sasa. Kampigia baba mdogo, hapokei. Kampigia mama — kaongea naye kwa sauti ya chini, amenipa mgongo. Kakata simu. Hakuniambia mama kasema nini, nami sikuuliza.

Nikabonyeza OMBA MSIMBO.

Dakika tano, kimya. Anatoa fotokopi za mzee mmoja, kitambulisho mbele na nyuma. Mzee anataka zikatwe vizuri. Farouk anazikata taratibu, tangu nimjue sijamwona anakata karatasi taratibu hivyo.

Imelia. Simu yake iko juu ya kaunta, mlio mfupi wa meseji. Kaichukua. Kaisoma, namwona midomo inacheza kwenye tarakimu.

"Kaka, nisomee."

Kaigeuza kifudifudi. Kachukua rimu ya karatasi, kaiweka juu yake.

"Ngoja baba mdogo apige."

Halafu kamwita mteja anayefuata. Saa kumi na moja na robo.