Jogoo wa Harriet

Cate, uko wapi? Mimi bado siamini.

Lenox wetu, daktari mpya, leo kanisani kampigia Harriet magoti mbele ya watu wote. "Mama, bila wewe nisingesoma." Akampa jogoo.

Harriet! Yule anayenyima jirani chumvi!

Karo ilitoka kwa Ojiambo, anayevusha mizigo ya watu mpakani na baiskeli yake ya walemavu. Harriet alitumwa tu kuipeleka shuleni, maana Ojiambo aliogopa mtoto ataona haya.

Na mama mtakatifu akapokea. Akapokea, Cate! "Ni Mungu tu, mwanangu."

Ojiambo huko nyuma anapiga makofi.

Sasa ngoja. Kutoka kanisani, jogoo ilibidi avushwe mpaka hadi kwa Harriet, upande wa Kenya. Daktari wetu akamwona Ojiambo mlangoni: "Wewe mzee wa baiskeli, kuja ubebe hii kuku!"

Akabeba.