Mwita, neno la mwaka huu si langu

Mwita, mura,

Usicheke mwandiko. Naandika mwenyewe, na mkono wangu unajua nyundo kuliko kalamu. Nilifika darasa la tatu, lakini darasa la tatu la zamani, si hili la siku hizi. Barua za kikundi chetu cha wachimbaji ulikuwa unasoma wewe, mimi nachovya kidole gumba kwenye wino nasema nimeshasoma. Ulijua sijasoma. Hukuniaibisha hata siku moja.

Nimekaa nje ya nyumba yangu hapa Sindo. Kule chini ufukweni wanawake wanaanika omena, dagaa wa ziwa letu, na tangu asubuhi sijafanya kitu kingine ila hii barua. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha yetu sisi wawili. Wewe na Kikuria chako, mimi na Kijaluo changu, miaka yote tulikutana hapo katikati. Wewe ukaniita omera, mimi nikakuita mura. Wazee wawili wenye mvi, tunaitana kama vijana wanaokwenda kucheza mpira.

Sasa hakuna anayeniita omera. Pale shimoni wananiita mzee. Hata birika la chai halishikwi tena na mtu anayejua kwamba mimi sukari nataka vijiko vinne.

Jumapili iliyopita tulikaa Migori, pale mdomoni mwa shimo letu, kuchagua neno la mwaka. Nilitaka usikie kutoka kwangu kabla hujasikia kwa wengine, kama huko mliko habari zinafika.

Hiyo desturi uliileta wewe. Mwaka wa kwanza tulipochimba dhahabu pale, ulisema mtu hawezi kuingia ardhini kimya kama panya. Aseme neno, na aliye juu amjibu, ndiyo ajue kwamba hajaachwa. Basi kila Januari kabla ya mtu yeyote kushuka tunachinja jogoo, tunakunywa chai, tunachagua neno moja, na Ouma katibu wetu analiandika kwa rangi kwenye ubao. Anayeshuka analitamka akiwa ameshakaa kwenye kamba. Anayeshika winchi anamjibu. Tumewahi kuwa na Subira. Tumewahi kuwa na Jasho. Mwaka tuliopata mwamba mzuri tukaweka Asante, na wachimbaji wa shimo la jirani wakatucheka mpaka wakalala chini, wanaume wazima wanashukuriana kutwa nzima.

Mwaka jana wewe ulitaka Miti.

Nakumbuka ulivyosimama na kofia yako mkononi. Ukasema kuta zetu zimeenda chini sana na miti ya kuzishikilia ni michache, na wanaume wanasahau, kwa hiyo neno lenyewe liwakumbushe kila asubuhi. Mimi mwenyekiti nikacheka kabla ya mtu mwingine. Nikasema, "Mura, tumefungua shimo la dhahabu au idara ya misitu?" Kikundi kizima kikacheka. Nikatoa neno langu: Mbele. Wewe unajua nikisema kitu pale hakuna anayebisha. Mimi ndiye niliyepiga nyundo ya kwanza. Kule kisiwani Remba kabla sijaja Migori nilikuwa navuta nyavu peke yangu, kazi ya wanaume watatu, na wapo mashahidi mpaka leo. Basi ikawa Mbele. Ouma akaandika. Wewe ukavaa kofia yako, ukasema, "Haya, omera. Mbele." Hukununa. Ungenuna ningejisikia vizuri zaidi leo.

Ile asubuhi ya mwezi wa saba sijamwambia mtu mpaka Jumapili hii. Acha niiandike hapa jinsi ilivyokuwa, nisije nikaigeuza tena.

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Wewe ulishuka kidogo ukapanda, ukanivuta pembeni. Ukasema, "Ukuta wa kushoto unatoa maji. Leo tusichimbe. Tushushe miti kwanza." Hukusema mbele ya watu. Ulinivuta pembeni kwa heshima yangu. Na mimi nikakujibu kwa sauti, watu wote wasikie. Nikasema miti italetwa Jumatatu. Nikasema kama unaogopa, uvae leso ya mkeo mama Chacha uende ukapike chai, mimi nitashuka. Vijana wakacheka. Ukaniangalia, Mwita. Ukanyanyua sururu.

Ukakaa kwenye kamba. Ukasema, "Mbele." Mimi nikiwa kwenye winchi nikakujibu, "Mbele." Neno langu mwenyewe, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Sitaandika sauti niliyoisikia.

Tulikuchimba siku mbili. Nilichimba kuliko wale vijana wote, hiyo hata wao watakuambia, kucha zangu mbili hazijarudi mpaka leo. Nilikuwa nasema neno lile kwenye udongo na kungoja. Halafu tukakufikia.

Halafu akaja mtu wa serikali na kalamu yake. Akauliza swali moja tu: kwa nini mtu mzima, mchimbaji wa miaka mingi, alishuka huku ukuta unatoa maji? Mimi ndiye niliyekuwa mbele yake. Mwenyekiti. Nikasema sijui. Akangoja. Nikasema, "Labda alikuwa amekunywa kidogo."

Labda. Kidogo. Nilidhani maneno madogo hayawezi kwenda mbali. Yalifika kwenu Kuria kabla ya jeneza, na vijana walionisikia ile asubuhi wakafuata kauli yangu.

Wewe, ambaye hata chai ukiiona imekolea sana ulikuwa unauliza imewekwa nini! Wewe ambaye Jumamosi nzima uko kanisani na shati jeupe. Pale kwenye maziko yako kwaya haikuimba. Mhubiri aliongea dakika chache akakaa. Mama Chacha alikuwa ameshika kiti kama mtu aliye ndani ya mtumbwi unaojaa maji. Na mimi ambaye husimama kwenye kila maziko kuanzia Sindo mpaka mpakani, mimi ambaye wengine huniomba nikae chini kwa sababu chakula kinapoa, siku yako nilisema koo linauma.

Basi turudi Jumapili. Nilikuwa nimejitayarisha. Tangu Krismasi nilikuwa nimeamua nitakupa neno lako. Nitasema Miti, kwa heshima ya rafiki yangu Mwita. Nitaeleza jinsi ulivyolitaka, nitatoa chozi moja, watu watasema mzee Okelo ana moyo. Ndiyo, Mwita, hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yangu. Nilitaka kukulipa na sifa zibaki kwangu.

Tulimwita shemeji yangu mama Chacha aje akae mahali pako, maana kiti chako kwenye kikundi sasa ni chake. Alikuja amevaa nguo nyeusi. Alikaa kwenye lile jiwe lako, na chai hakunywa. Ouma akasema, "Mwenyekiti, tupe neno." Nikasimama. Nikasema kama nilivyopanga, tena vizuri kuliko nilivyopanga. Wakapiga makofi. Ouma alikuwa ameshachovya brashi.

Mama Chacha akainua mkono. Akauliza polepole, kama mtu anayeuliza njia.

"Shemeji, kama mume wangu ndiye aliyetaka miti, mbona alishuka bila miti?"

Mura, nimepigwa ngumi na wanaume wakubwa. Nimepigwa na kasia kichwani. Sijawahi kupigwa hivyo.

Mmoja wetu, sitamtaja, akanong'ona, "Pombe, mama. Tuyaache hayo." Mama Chacha hakumgeukia. Aliniangalia mimi. Nafikiri alikuwa anajua tangu siku ya kwanza, ila hakuwa na mahali pa kuliweka lile swali, na mimi mwenyewe nikamtengenezea na hotuba yangu.

Ningeweza kusema sijui tena. Koo lilikuwa tayari kabisa kuuma. Lakini nilimwona amevaa viatu vyako, vile vya mpira vyenye kiraka cha bluu, kwa sababu ya tope, na vinamzidi. Nikasema, "Hakuwa amekunywa. Alinikataza. Mimi ndiye niliyemwambia avae leso yako akapike chai. Mimi ndiye niliyesema pombe."

Jogoo alikuwa amefungwa miguu pale, hajachinjwa bado, ndiye tu aliyekuwa anapiga kelele.

Nilidhani atanitukana. Nilikuwa nangoja matusi kama mtu anayengoja mvua shambani. Akasema tu, "Miezi sita kanisani nimekaa benchi la nyuma. Wanangu wanaitwa watoto wa mlevi." Halafu akamwambia Ouma aweke brashi chini. Akasema neno la mwaka huu atalitoa yeye, na hatalitoa leo. Atalitoa siku jina la mume wake litakaposafishwa pale pale lilipochafuliwa, mbele ya wale wale waliosikia. Akakaza shuka yake, akaondoka kwa miguu. Hakutuaga.

Kwa hiyo ubao wetu hauna kitu, Mwita. Na wewe ndiye uliyetufundisha kwamba bila neno hakuna anayeshuka, kwa hiyo hakuna aliyeshuka. Wanaume saba wamekaa nyumbani na wake zao wanawauliza. Ouma alinifuata mpaka barabarani. Akaniambia, "Mzee, si ungenyamaza tu? Alikuwa ameshakufa." Alikuwa na hasira. Zamani ningemjibu mpaka aombe maji.

Uenyekiti nimewaachia. Hawakunisihi nibaki, nikuambie ukweli. Nilitembea polepole kidogo, ili kama kuna anayetaka kuniita aniite. Hakuna aliyeita.

Nakukumbuka kwa vitu vya kijinga. Unakumbuka yule samaki niliyekuletea kutoka Remba, ukala upande mmoja saa nzima, unachambua kama mtu anayetafuta sindano? Nikawaambia watu, Mkuria haogopi simba lakini mfupa wa samaki unamtoa jasho. Ulicheka mpaka mfupa ukakukwama kweli. Nikakupiga mgongoni. Ulipopata pumzi ukasema, "Omera, wewe utaniua siku moja."

Tulicheka, bana. Tulicheka sana.

Sasa siulizi kama umenisamehe. Nilikuwa nimeanza kuandika hapo juu nikuombe, nikafuta. Kuomba kwenye karatasi ni rahisi, karatasi haina macho ya kukuangalia. Na nikikuomba wewe peke yako ni kama ile asubuhi nimeigeuza: wewe ulinivuta pembeni, mimi nikakuaibisha mbele ya watu. Haiwezekani nikuaibishe mbele ya watu halafu nije kukuomba pembeni.

Jumamosi hii naenda kwenu. Nimemtuma mtu kwa mzee wa kanisa lenu aniruhusu nisimame baada ya nyimbo. Hajanijibu. Nitaenda tu. Jumatatu nitakwenda kwa yule mtu wa serikali aandike upya, na akitaka kunifunga, anifunge, nimekula chumvi ya kutosha. Binti yangu anasema nina wazimu, kwamba watoto wako ni wakubwa na wana hasira. Nimemwambia mimi si mtu wa kuogopa. Lakini wewe sikudanganyi, Mwita: naogopa. Nimeongea mbele ya wabunge na maaskofu bila karatasi, na sasa nashindwa kupanga sentensi tatu za kusema mbele ya watu wa kijiji kimoja. Nimezijaribu hapa kwa sauti, wale wanawake wa omena wakageuka kuniangalia.

Sijui kama mama Chacha atatoa neno nikishamaliza. Huenda asitoe kabisa. Huenda lile shimo likaota nyasi. Hiyo ni haki yake na sitamharakisha, wala sitamruhusu Ouma amharakishe. Sitakwenda kwake mpaka aniite, na asiponiita mpaka nife, basi nitakufa sijaitwa.

Pumzika, mura. Hicho ndicho kitu nilichokunyima ile asubuhi, siku moja tu ya kutochimba.

Nakuahidi hili. Nitasema yote, kuanzia pale uliponivuta pembeni mpaka lile neno labda. Sitaongeza habari za Remba. Sitalia ili wanihurumie. Na wakinitoa nje kabla sijamaliza, nitamalizia mlangoni.

Ni mimi,
Okelo