Nilimshika Mama Mkwe Mombasa

Uthiru,
Jumapili jioni.

Mama yangu mpendwa,

Natumaini goti limepunguza kuuma na yule ng'ombe mweusi ameshazaa salama. Joy hajambo, anakusalimu, jino la mbele limetoka. Mimi mwili u mzima lakini moyo hapana. Nimekuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako huwa unaiweka sauti ya juu, na hapo sebuleni masikio ni mengi. Soma peke yako.

Mama, nimemshika mama mkwe. Kwa mikono miwili, mbele ya watu.

Usinikasirikie kwanza. Hiyo safari ya Mombasa sikuitaka. Ni shemeji Ronald aliyekata tikiti za treni, eti mama yao aione bahari kabla macho hayajamwishia, halafu mwenyewe akasema ofisi haimwachi. Nikaachiwa mimi, niliyefunga karakana yangu ya Dagoretti Corner siku tatu na viti sita vya mteja havijapigwa vanishi. Nani aliniuliza? Unajua nina miaka tisa na yule mama bila kumpa mkono, kama mila yetu ya mkwe inavyotaka. Kwa jicho la seremala, sijawahi kumkaribia zaidi ya futi kumi na mbili. Kwenye treni Everlyne na mama yake walikaa behewa la nne, mimi la saba. Fort Jesus walipoingia chumba, mimi nilibaki chumba cha nyuma nikisoma vibao mara mbili mbili.

Mchana tukaingia hoteli moja Mji wa Kale. Ilijaa, palibaki meza mbili tu, zimekaribiana. Nikageuza kiti nikatazama ukuta.

"Hata huku, Baba Joy?" Everlyne akanicheka. "Nani anatujua?"

"Mama yako ananijua."

Mhudumu akaleta pweza wa nazi. "Kula mama, huyu laini kama halua." Mama mkwe akawa anakula akijifunika mdomo kwa leso, vile mlivyotufundisha, mkwe asimwone akitafuna.

Sasa kosa langu ni hili, na sijamwambia mtu mwingine. Niligeuka. Nilitaka chumvi tu. Macho yetu yakakutana, leso imeshuka, mdomo umejaa. Kwa aibu akakimeza kile kipande kizima.

Hakukohoa. Hapo ndipo nilipoogopa. Alishika shingo, midomo ikabadilika rangi. Everlyne, na hilo tumbo la miezi saba, anapiga kelele, "Mama! Mama!" Wakampa maji, maji yakarudi. Wakampiga mgongo, wapi. Mimi nimesimama kama mbao iliyoegemezwa ukutani. Yale mafunzo ya huduma ya kwanza tuliyopewa kanisani nilikuwa nayo yote kichwani, lakini mikono ilikataa. Nilihesabu mpaka nane, Mama. Mtu anakufa mbele yangu, nami nahesabu.

Kisha nikamzunguka kwa nyuma, nikafunga ngumi juu ya kitovu chake, nikavuta.

"Lo! Bwana yule yuafanya nini?" mtu akauliza.

Mara ya tano kipande kikaruka mpaka kwenye sahani yangu.

Akapumua. Akajifunika leso uso mzima. Hospitalini walisema koo limechubuka, mbavu ziko sawa. Lakini Ronald alitupokea stesheni kwa maneno: "Eti ulimkumbatia mama yetu kwa hoteli? Wazee wakisikia?"

"Ungekuja, ungemkumbatia wewe," nikamjibu.

Naogopea mtoto aliye tumboni, maana wanasema mwiko wa mkwe humrudia mtoto. Mimi ni mtu wa tepu na msumeno, hizo habari za miiko nilikuwa nazicheka. Sasa Everlyne akishika mgongo tu, natoka jasho.

Mama mkwe alipanda basi kurudi nyumbani Alhamisi. Alimwachia Everlyne ujumbe: "Mama yake Baba Joy aje anione. Aje peke yake." Sijui anataka kondoo wa kutakasa mwiko, ama ni kunishtaki, ama ni kumchukua binti yake ajifungulie kwao. Nenda, nakuomba, kabla Ronald hajafika huko mwisho wa mwezi. Mwambie ukweli wote, hata ule wa chumvi. Hata zile sekunde nane.

Nimeanza kumtengenezea kiti, kwa mbao zangu mwenyewe. Miguu iko tayari, mgongo bado. Lakini siku akija kumwona mjukuu, sijui nitakiweka wapi. Muulize: kutoka kiti changu hadi chake, ni futi ngapi sasa?

Nisalimie baba mdogo, mwambie redio yake ninayo. Msalimie dada Phanice anayekuchotea maji, na yule jirani mzee wa kanisa, lakini huyo usimwonyeshe barua.

Mwanao, anayeruka kila simu ikilia,
Nashon