Wino wa Mbarika

Jumatatu, 15 Juni 1992
Pedi sita za wino leo. Nne za buluu, mbili za manjano. Sponji ya lile godoro kuukuu inakaribia kwisha. Nimekata vipande, nikavifunga kwa blanketi, nikavishindilia kwenye makopo ya dawa ya viatu. Buluu ni rangi ya unga, ile ya kutilia ukili wa mikeka. Gundi ya mkorosho niliiloweka tangu jana. Glisarini kidogo, pedi isikauke. Ukungu haukuondoka Newala hadi saa nne. Vidole vyangu si vya mtu tena.

Wateja ni walimu wa Masasi. Wanagonga mihuri ya maua kwenye kadi na vitambaa vya meza. Siku hizi madukani kila kitu kipo, lakini pedi za dukani ni za ofisi, ukifua kitambaa wino umekimbia. Mimi namchanganyia kila mtu rangi yake. Kazi hii niliijulia ofisini, miaka ile ya uhaba, karani mwenye mihuri asiye na wino. Sasa wino umejaa, ofisi hainihitaji. Waliponipunguza kazini hawakuniuliza najua nini.

Mama nimemwogesha saa tano, jua lilipotoka. Miguu imevimba zaidi. Ndoo moja tu, na ananikemea kila tone linalomwagika.

Alhamisi, 18 Juni
Amekuja Mama Neema, mwalimu wa Masasi, mkubwa wa kile kikundi chao cha akina mama. Mtu wa Kilimanjaro, ana haraka. Hata chai hakumaliza. Anataka pedi nyeusi, nyeusi isiyopauka. Tena anataka mihuri ya kimakonde. Maua yamemchosha, anasema maua hata kwao yapo. Nimekubali kabla sijajua nitafanyaje. Ndivyo nilivyo.

Ijumaa, 19 Juni
Masizi ya sufuria yameshindwa, yanatoa kijivu. Nimemuuliza Mama. Amecheka, mara ya kwanza tangu mfungo. Mbarika, kasema, mbegu zake. Ndiyo iliyomtia nembo, zile chale za usoni, akiwa msichana. Fundi alikata ngozi kwa kisu kidogo, akasugua mkaa wa mbarika, na hadi leo uso wake haujapauka. Akaniongoza akiwa kwenye mkeka. Kaanga. Bado. Bado. Sasa toa. Nimetwanga, nimechuja kwa kitambaa chepesi, nimetia gundi. Weusi umekubali. Nimefua kitambaa mara tatu kwa sabuni ya mche, haukutoka.

Nimefurahi leo. Naandika ili nisisahau.

Jumapili, 21 Juni
Mihuri nachonga kwa wembe kwenye soli za ndala zilizochakaa. Nimejaribu nembo ya shavu la Mama. Ile haina siri, kila anayemwamkia anaiona. Imekuwa mbaya. Mistari imebanana, wino unaziba, inatoka kama doa la chai. Nimejikata kidole gumba.

Jumanne, 23 Juni
Leo nikimwogesha nimeitazama nembo ya chini ya kitovu. Siku zote naiona. Leo nimeitazama. Mijusi miwili, vichwa vimekutana, kila upande mistari ya meno ya msumeno. Mipana, imeachana vizuri. Fundi yule alijua kazi. Nimemfuta Mama, nimemfunga kanga, nimeingia ndani kuichora kabla haijanitoka kichwani.

Nembo za tumboni na mapajani hazionyeshwi. Najua. Mwanamke alikubali kukatwa kwa ajili ya mume mmoja. Sikumwomba ruhusa. Angekataa, ndiyo maana sikumwomba. Lakini nani atajua? Ni mijusi tu.

Jumamosi, 27 Juni
Pedi nyeusi kumi na mbili na muhuri wa mijusi vimeshuka Masasi na gari la asubuhi.

Ijumaa, 10 Julai
Barua ya Mama Neema. Mijusi imewapagawisha. Wanagonga mito, vitambaa, kadi za harusi. Pedi nyingine ishirini, upesi. Nimenunua godoro zima la kukata. Mama anauliza wanagonga nini kwa wino wake. Nikasema maua.

Jumatano, 22 Julai
Jirani yetu Mama Rukia alikwenda Masasi kwa mwanawe, karudi na kitambaa cha kufunikia redio. Akaja nacho moja kwa moja kwa Mama, bila kunipitia. Shikamoo Bibi, tazama wenzetu wanavyotengeneza. Akamtandazia magotini.

Nilikuwa mlangoni, na sufuria ya mbarika mkononi.

Mama alikitazama sana. Akapitisha kidole juu ya mijusi, mmoja, halafu wa pili. Mama Rukia akasifu wee, akachoka, akaenda zake. Ndipo Mama akasema, wala hakunitazama: "Hiyo ni ya baba yako."

Basi.

Alhamisi, 23 Julai
Nimepeleka maji uani saa tano. Amekataa kuvua. Ameshika fundo la kanga kwa mikono miwili, mikono ambayo haiwezi kushika kikombe. Nikasema Mama, utanuka. Akasema acha ninuke. Nimemwogesha uso na miguu. Ndoo imebaki nusu.

Jumamosi, 25 Julai
Vilevile. Mgongo unamuwasha, anajikuna kwenye ukuta. Nina aibu hata ya kula mbele yake.

Jumanne, 28 Julai
Nimeshuka Masasi kuufuata muhuri. Mama Neema hakunielewa. Kwake ni urembo. Anasema nijivunie, wageni wanaupenda, mzigo mzima umeshakwenda Dar es Salaam. Nikamwambia ni wa tumbo la mama yangu. Akautoa kabatini, akanipa. Si mtu mbaya. Hakujua. Mimi nilijua.

Nimeukatakata kwa wembe nyuma ya stendi. Vitambaa vilivyokwenda Dar havirudi.

Jumatano, 29 Julai
Nimempigia Mama magoti. Nimesema yote, hata lile la maua. Amenisikiliza mpaka mwisho. "Nimekusamehe, mwanangu." Akaniwekea mkono kichwani. Nimelia.

Saa tano nikapeleka maji. Fundo la kanga hakulifungua.

Jumamosi, 1 Agosti
Nimemwita mdogo wangu Somoe toka Nanganga. Kaja na mwanawe mgongoni. Hajui lolote, anadhani nimechoka. Anamwogesha Mama uani, nami nasikia wanazungumza chimakonde na kucheka. Mimi niko jikoni. Mama ananiita kwa chakula, kwa dawa, kwa kugeuzwa upande. Kwa maji anamwita Somoe.

Msamaha ninao. Nilidhani ukisamehewa unarudishiwa.

Jumatano, 5 Agosti
Kifua kimembana Mama. Mganga wa zahanati katoa vidonge, akaniita pembeni na kusema ni umri. Pedi sitengenezi. Mbegu zote za mbarika nimempa Mama Rukia akamue mafuta. Godoro limekaa kona ile, zima.

Jumanne, 11 Agosti
Mama hali chakula. Ameshika mkono wangu mchana kutwa. Kucha zangu bado nyeusi. Nimesugua kwa mchanga, kwa ndimu, kwa majivu. Akazitazama, akasema mbarika haitoki, usijisumbue. Hakusema kwa ubaya.

Jumatatu, 17 Agosti
Mama amefariki jana alfajiri. Tumemzika jana hiyohiyo, baada ya adhuhuri.

Waoshaji walikuwa Somoe na wanawake wawili wa msikitini. Walipokwisha kufunga pazia, Somoe akatoka. "Dada, ingia. Wewe ndiye mkubwa, mahali pako ni kichwani." Nikamuuliza kama Mama aliacha neno lolote juu yangu. Hakuacha. Wale wanawake wakaniita nao, wakasema mwili husitiriwa, hakuna atakayeona kitu. Pazia lilikuwa limeshikiliwa, linaningoja.

Nikasema hapana. Kwangu mimi alijifunika akiwa hai. Siwezi kungoja mpaka ashindwe kulishika fundo, ndipo niingie.

Somoe alinitazama vibaya. Watu watasema. Na waseme.

Nikachukua ndoo. Maji ya tangi la mvua yako chini sana mwezi huu, inabidi kuinama mpaka kifuani. Nikafikisha ya kwanza kwenye pazia, Somoe akaipokea kwa ndani. Nikarudi kuchota ya pili. Ya tatu nilipoifikisha, waliniambia yametosha. Nikaiweka hapo chini, nikaenda kukaa na wafiwa wenzangu kwenye jamvi.